Ua Kayongo: Nani Anayeua Kiduha cha Mahindi?

Safari hii tunakwenda shambani. Huenda ukajiuliza: idara ya Kiswahili ina shughuli gani na magugu ya mahindi? Shughuli tunayo. Hapa Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na tangu hapo wahitimu wa idara kama yetu wanatarajiwa si kufundisha tu, bali pia kutafsiri vipeperushi, kuandaa vipindi vya redio na kueleza maandishi yaliyo kwenye paketi za mbegu. Katika masoko ya mpakani kama vile Busia na Malaba, mbegu na maneno huvuka pamoja. Mbegu ikivuka salama na maneno yakaharibika njiani, mkulima ndiye anayeumia.

Katika makala haya tunaeleza jinsi bioteknolojia inavyotumika kupambana na gugu la kimelea liitwalo kiduha. Tunaeleza pia kwamba ukitaka kuelewa mbinu yoyote kati ya hizo, swali la kwanza ni lile ambalo mwalimu wa sarufi huliuliza kila siku darasani: nani mtenda, nani mtendwa, na ala ni ipi? Mfasiri akikosea jibu la swali hilo, mkulima anaweza kupoteza msimu mzima.

Kiduha ni gugu la namna gani?

Kiduha ni jina linalotumika Tanzania. Waluo huliita kayongo, na Waingereza huliita gugu la mchawi. Wataalamu wa mimea hulitambua kwa jina la Striga. Katika Afrika Mashariki kuna aina mbili zinazosumbua zaidi mahindi. Ya kwanza ni Striga hermonthica, yenye maua ya rangi ya waridi au zambarau, ambayo imeenea katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria: magharibi mwa Kenya, mashariki na kaskazini mwa Uganda, na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ya pili ni Striga asiatica, ambayo ni fupi zaidi na ina maua mekundu. Hii hupatikana zaidi mashariki na kusini mwa Tanzania, na kuendelea hadi Malawi.

Mgeni akipita kando ya shamba lililovamiwa anaweza kusimama alisifu. Maua yametandaa kama zulia. Mwenye shamba haoni uzuri wowote, kwani katikati ya maua hayo mahindi yake yamedumaa, majani yamekuwa ya njano na kujikunja kana kwamba mvua haijanyesha. Hasara huweza kuwa sehemu ndogo ya mavuno, na huweza pia kuwa shamba zima. Katika magharibi mwa Kenya peke yake inakadiriwa kwamba zaidi ya hekta 200,000 za ardhi ya kilimo zimeathirika. Si mahindi tu yanayoshambuliwa. Mtama, ulezi na mpunga wa nchi kavu nao humo.

Kinachokifanya kiduha kiwe adui mgumu ni mbegu zake. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu 50,000 hadi 200,000, na pengine zaidi. Kila mbegu ni ndogo kuliko punje ya chumvi, kiasi cha thuluthi moja ya milimita, hivyo husafiri kwa urahisi katika maji, upepo, kwato za ng'ombe, jembe la kuazima na hata ndani ya gunia la mbegu. Zikishaingia udongoni, mbegu hizo huweza kukaa hai kwa miaka 15 au 20 zikisubiri. Zinasubiri nini? Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote tutakayoyaeleza.

Mdukizi chini ya ardhi

Wasomaji wetu wanalijua neno mdukizi: mtu anayesikiliza kwa siri mazungumzo yasiyomhusu. Kiduha ni mdukizi hasa.

Mzizi wa mhindi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Mhindi hauzitoi kwa ajili ya kiduha. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hizi ni wito kwa kuvu rafiki wanaoishi pamoja na mizizi na kuusaidia mmea kupata madini, hasa fosforasi. Mwaka 2008 ikagundulika pia kwamba ndani ya mmea wenyewe kemikali hizo ni homoni inayodhibiti utoaji wa matawi. Kwa hiyo mhindi unapokaa katika udongo uliochoka, huita kwa sauti kubwa zaidi: "Nisaidieni, nina njaa!" Kuvu rafiki husikia, na kiduha pia husikia.

Mbegu ya kiduha ikishapata unyevu na joto kwa wiki moja au mbili, huwa tayari kuusikia wito huo. Ikiusikia huota, lakini akiba yake ya chakula ni ndogo mno. Isipoufikia mzizi ndani ya siku chache, hufa. Ikiufikia, hujishikiza kwa kiungo maalumu kinachotoboa mzizi na kuungana na mishipa yake. Kuanzia hapo kiduha hunyonya maji, madini na sukari. Kwa wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya nne na saba, hufanya kazi hiyo gizani bila kuonekana. Siku mkulima anapokiona kikichomoza juu ya ardhi, sehemu kubwa ya madhara imekwisha kutendeka. Ndiyo maana palizi ya jembe peke yake haijawahi kukimaliza. Palizi huzuia mbegu mpya zisiangukie udongoni, na hilo ni jambo jema, lakini haiuponyi mhindi wa msimu huo.

Kutokana na maelezo haya tunaona milango mitatu ambayo kwayo kiduha kinaweza kushambuliwa: pale kinapojishikiza kwenye mzizi, pale kinapokua, na pale kinapousikia wito. Bioteknolojia imejaribu milango yote mitatu. Tuitazame mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza: mbegu iliyovikwa dawa

Mwaka 2005 magharibi mwa Kenya ilianza kusambazwa mbegu ya mahindi iliyopewa jina la Ua Kayongo. Nyuma yake kulikuwa na ushirikiano wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, taasisi ya Weizmann ya Israeli, kampuni ya kemikali ya BASF, na baadaye shirika la teknolojia ya kilimo la Afrika, AATF, lenye makao yake Nairobi.

Jina lenyewe ni zawadi kwa mwalimu wa Kiswahili. Ua ni kitenzi cha Kiswahili katika hali ya kuamrisha. Kayongo ni nomino ya Kidholuo. Lakini ua pia ni nomino, kama katika ua la waridi, na gugu hili lina maua mazuri. Msomaji mchangamfu anaweza kuisoma paketi ileile kwa maana mbili zinazopingana: amri ya kuua, na ua la kayongo. Utata huo ni wa kuchekesha na hauna madhara. Kuna utata mwingine ambao una madhara, nao umo katika kutotajwa kwa mtenda. Ua Kayongo: nani aue?

Watu wengi watajibu: mahindi. Jibu hilo si sahihi. Tueleze.

Ipo dawa ya magugu iitwayo imazapiri. Dawa hii huzuia kimeng'enya kimoja ambacho mimea hukitumia kutengeneza asidi amino tatu, mojawapo ikiwa leusini. Mmea ukikosa asidi hizo hauwezi kujenga protini, na hufa. Ukiipaka mbegu ya mahindi ya kawaida dawa hiyo, mahindi nayo yatakufa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani walikuza chembe za mahindi maabara, wakaziweka katika dawa za jamii hii, na kuzichukua zile chache zilizosalimika. Chembe hizo zilikuwa na badiliko dogo katika jeni ya kimeng'enya kile, badiliko lililotokea lenyewe, kiasi kwamba dawa haikuweza tena kukishika. Kutokana na chembe hizo ilikuzwa mimea kamili. Kisha wataalamu wa CIMMYT na wenzao wa Kenya wakaihamisha sifa hiyo kwa njia ya kawaida ya kuchavusha, kizazi baada ya kizazi, hadi katika mahindi yanayofaa mazingira ya Afrika.

Mbegu hiyo ndiyo huvikwa dawa kabla ya kuuzwa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, takriban gramu 30 za dawa kwa hekta, kwa kuwa dawa haipuliziwi shamba zima bali hukaa pale pale penye mbegu. Mhindi unapoota hufyonza sehemu ya dawa bila kudhurika. Kiduha kinapojishikiza kwenye mzizi hunyonya dawa pamoja na chakula, kikafa. Mbegu za kiduha zilizo karibu na shimo nazo hufa. Mnyonyaji huuawa na kile alichokinyonya.

Sasa turudi kwenye sarufi. Anayeua ni dawa. Anayeuawa ni kiduha. Mahindi ni njia tu. Kazi yake ni kuivumilia dawa. Kwa hiyo tafsiri inayosema "mahindi yanayokinza kiduha" inaipotosha mbinu yote. Tafsiri sahihi ni "mahindi yanayostahimili dawa ya magugu." Tofauti hiyo inaweza kuonekana kama ubishi wa walimu. Sivyo. Mkulima akiambiwa kwamba mahindi yenyewe yanakinza kiduha, ni haki yake kufikiri kwamba nguvu hiyo imo ndani ya punje. Baada ya mavuno atachagua magunzi mazuri, kama wazazi wake walivyofanya, na kuyahifadhi kwa mbegu. Msimu unaofuata atapanda punje ambazo huenda bado zina jeni ya kustahimili dawa, lakini dawa yenyewe haipo. Hakuna kitakachoua. Kiduha kitarudi, na mkulima atasema amedanganywa. Naye atakuwa amedanganywa kweli, si na mbegu, bali na kitenzi.

Neno dawa nalo linahitaji uangalifu. Katika Kiswahili dawa huponya, na dawa huua. Ni neno moja kwa mgonjwa na kwa panya. Paketi ikiandikwa "mbegu yenye dawa," asomaye anaweza kuelewa kwamba mbegu imetibiwa na iko salama zaidi kuliko nyingine. Maana iliyokusudiwa ni kinyume chake: mbegu hiyo ina sumu, isiliwe na mtu wala kuku. Tena, aliyeshika mbegu hizo anatakiwa kunawa mikono kabla ya kushika mbegu nyingine, kwani dawa kidogo iliyobaki vidoleni inatosha kuua maharage au mahindi ya kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo, maharage hayapandwi katika shimo moja na mahindi haya, bali huwekwa umbali kidogo. Ushauri wetu kwa wafasiri ni kwamba waandike wazi "mbegu iliyopakwa sumu ya kuua magugu," hata kama muuzaji atapendelea neno tamu zaidi.

Tusisahau kasoro za mbinu hii. Mkulima hulazimika kununua mbegu kila msimu, na si kila duka la kijijini huwa nayo. Mvua kubwa huweza kuichukua dawa mbali na mzizi. Aidha, kwa kuwa mbegu za kiduha ni mamilioni, huweza kupatikana chache zenye badiliko linalozifanya zisidhurike na dawa. Ndiyo maana mkulima hushauriwa kung'oa kiduha chochote kilichosalia kabla hakijatoa mbegu. Hicho kilichosalia ndicho cha hatari.

Mlango wa pili: kuvu anayeua

Mlango wa pili hautumii kemikali ya kiwandani bali kiumbe hai. Ipo kuvu ya udongoni, Fusarium oxysporum, ambayo ina aina nyingi. Aina moja hushambulia kiduha na kuuacha mhindi. Ugumu ulikuwa kwamba katika hali ya kawaida kuvu hiyo si kali vya kutosha. Watafiti wa Kenya na wenzao wa chuo kikuu cha jimbo la Montana, Marekani, walichagua kuvu zinazotoa asidi amino kwa wingi kupita kiasi, mojawapo ikiwa leusini ile ile tuliyoitaja. Asidi amino zikizidi mno ndani ya kiduha, zinakuwa sumu. Tazama ajabu hii: dawa ya mlango wa kwanza huua kwa kukinyima kiduha leusini, na kuvu ya mlango wa pili huua kwa kukilisha leusini hadi kikavimbiwa.

Ufikishaji wake kijijini unapendeza kwa urahisi wake. Kuvu husafirishwa ikiwa imekaushwa juu ya vijiti vya kuchokolea meno. Kijijini vijiti hivyo hutumbukizwa katika wali uliopikwa na kupoa, kuvu ikaenea ndani ya siku chache, na wakulima wakapewa wali huo kutia kiasi kidogo katika kila shimo pamoja na mbegu. Matokeo ya majaribio katika mashamba 500 ya wakulima wadogo magharibi mwa Kenya yalichapishwa mwaka 2016, na mavuno yalionekana kupanda kwa zaidi ya asilimia 40 katika misimu yote miwili ya mvua. Mwaka 2021 bidhaa hiyo ilisajiliwa Kenya kwa jina la Kichawi Kill.

Hapa tena tuna jina la kuchambua darasani. Kichawi ni tafsiri ya lile jina la Kiingereza la gugu la mchawi; neno la pili ni la Kiingereza lenyewe. Jina la mwaka 2005 lilitoa kitenzi kutoka Kiswahili na kuchukua nomino ya lugha ya wenyeji. Hili limefanya kinyume, nomino kutoka Kiswahili na kitenzi kutoka ugenini. Kimaana hata hivyo limekosa jambo moja. Kuvu hiyo haina uchawi wowote, nacho kiduha hakina. Mkulima anayeamini kwamba shamba lake limerogwa hana haja ya mbegu wala ya kuvu, atatafuta mganga. Tunapendelea jina la kiduha, ambalo halimtuhumu jirani yeyote.

Mlango wa tatu: kubadili wito

Mlango wa tatu ndio mpya zaidi, na unaanzia mbali kidogo na mahindi. Strigolaktoni ya kwanza kutambuliwa iliitwa strigoli, nayo ilipatikana mwaka 1966 kutoka mizizi ya pamba, ingawa pamba haishambuliwi na kiduha. Baadaye ikafahamika kwamba kemikali hizi ni jamii kubwa, na kwamba kiduha hakizisikii zote sawasawa. Nyingine kwake ni kelele. Nyingine ni mnong'ono.

Ushahidi mzuri ulitoka kwenye mtama. Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia anayefundisha chuo kikuu cha Purdue, Marekani, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake ya kuzalisha mtama bora, ukiwamo unaokinza kiduha. Mwaka 2017 wataalamu walieleza sababu mojawapo ya ukinzani huo: katika mitama fulani jeni moja imepotea, na kwa sababu hiyo mzizi hutoa strigolaktoni ya aina nyingine ambayo kiduha hakiisikii vizuri. Mbegu za kiduha hubaki zimelala. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kundi la Profesa Steven Runo limekuwa likifanya kazi ya kuiondoa jeni hiyo katika mitama mingine kwa kutumia mkasi wa jeni uitwao CRISPR.

Kwa upande wa mahindi, mwezi Januari 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Amsterdam na wenzao walichapisha ugunduzi unaofanana na huo. Mahindi hutoa strigolaktoni za aina kadhaa, na yapo mahindi ambayo mchanganyiko wake wa kemikali hizo huotesha mbegu chache sana za kiduha. Walizitambua pia jeni zinazoongoza utengenezaji wake. Kuzima kemikali zote kusingefaa, kwani mhindi ungepoteza kuvu rafiki na umbo lake lingeharibika. Kinachotafutwa ni kubadili maneno ya wito bila kuunyamazisha: kuvu rafiki aendelee kusikia, mdukizi asielewe. Kazi hii ingali katika hatua ya utafiti.

Mtenda ni nani hapa? Safari hii hakuna anayeua. Kiduha hakiamshwi, basi. Na hapa ndipo neno ukinzani linapostahili kutumika, kwa kuwa nguvu imo ndani ya mmea wenyewe na inaweza kurithiwa na punje zake.

Bioteknolojia na GMO si neno moja

Katika mazungumzo ya kila siku, bioteknolojia ikitajwa watu husikia GMO, yaani kiumbe kilichopandikizwa jeni kwa uhandisi jeni. Msomaji akirudi nyuma ataona kwamba Ua Kayongo haikupandikizwa jeni ya kiumbe kingine. Ni badiliko la mahindi yenyewe, lililochaguliwa maabara na kuenezwa kwa uchavushaji. Kuvu nayo ilichaguliwa tu. Mkasi wa jeni una mjadala wake, na mwaka 2022 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya ilitoa mwongozo wa namna ya kuamua kama zao lililohaririwa jeni litahesabiwa kuwa GMO au la.

Tofauti hizi zina uzito wa kisheria. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO mwezi Novemba 2012, Baraza la Mawaziri likaamua kuiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na suala likafika mahakamani. Hapa Uganda Bunge lilipitisha muswada wa usalama wa bioteknolojia mwaka 2017, na mwingine uliorekebishwa mwaka 2018, na mara zote mbili Rais hakuutia sahihi. Sisi hatumwambii msomaji aunge mkono upande gani. Tunachosema ni kwamba mjadala huo hauwezi kuwa wa haki iwapo neno moja linabebeshwa mizigo mitatu. Mtu ana haki ya kukataa GMO, lakini asikatae wali wenye kuvu akidhani ni GMO. Vilevile ana haki ya kuipenda bioteknolojia, lakini asile mbegu iliyopakwa sumu akidhani ni chakula cha kisayansi.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba si kila mbinu nzuri ni ya bioteknolojia. Kituo cha icipe huko Mbita, pwani ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kimefundisha wakulima wengi kupanda desmodi katikati ya mistari ya mahindi na nyasi tembo pembezoni. Mbinu hii huitwa sukuma-vuta. Ilianza kama kinga dhidi ya funza wa mabua, kisha ikaonekana kwamba panapoota desmodi kiduha hutoweka. Mizizi ya desmodi hutoa kemikali zinazokiotesha kiduha na nyingine zinazokizuia kujishikiza, hivyo kinaamka na kufa njaa. Desmodi hurutubisha udongo na ni lishe ya ng'ombe. Samadi na mbolea nazo husaidia, kwa sababu mhindi ulioshiba hauiti kwa sauti kubwa.

Msamiati

Kimelea: kiumbe kinachoishi kwa kunyonya kiumbe kingine.
Kukinza: kuzuia adui asifanikiwe kushambulia. Nomino yake ni ukinzani.
Kustahimili: kupatwa na kitu chenye madhara bila kuangamia. Nomino yake ni ustahimilivu.
Kiuagugu: sumu ya kuua magugu.
Jeni: sehemu ya urithi inayobeba maagizo ya sifa fulani ya kiumbe. Tanzania hutumia pia kinasaba.
Uhandisi jeni: kazi ya kuhamisha au kubadili jeni maabara kwa makusudi.
Kimeng'enya: protini inayoharakisha kazi ya kikemia ndani ya kiumbe.

Zoezi la darasani

Soma sentensi zifuatazo. Katika kila moja eleza mtenda ni nani, mtendwa ni nani, na ala ni ipi. Kisha isahihishe ili mkulima asipotoke.
1. Mahindi haya yanaua kiduha, hivyo hifadhi punje zake kwa mbegu.
2. Mbegu hii imetiwa dawa, kwa hiyo ni salama kwa familia.
3. Kuvu hii ni GMO kwa sababu imetoka maabara.
4. Kiduha kikichomoza, palilia mara moja uokoe mahindi ya msimu huu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kila mbinu ina mtenda wake: katika mbegu iliyovikwa dawa anayeua ni sumu, katika wali wenye kuvu anayeua ni kuvu, na katika mahindi yenye wito uliobadilishwa hakuna anayeua, bali adui haamki. Mkulima anayejua hivyo atajua pia lini anunue mbegu upya, lini anawe mikono, na lini aweke akiba ya punje. Maarifa hayo hayatoki maabara moja kwa moja hadi shambani. Hupita kwa mtangazaji wa redio, kwa bwana shamba, kwa muuza mbegu sokoni na kwa mwanafunzi wetu anayetafsiri kipeperushi usiku wa kuamkia maonyesho ya kilimo. Tunawaomba walimu wenzetu walitumie zoezi hili darasani, na watuandikie majina ya kiduha katika lugha za sehemu zao pamoja na maana zake, ili tuyakusanye na kuyachapisha katika toleo lijalo.